Printa yangu, wateja wa Zuhura

Jumapili, Julai 1999. Komarock.

Baridi ya leo ni ya kuvaa sweta juu ya sweta. Jua halijatokea tangu asubuhi, na kanisani tulikaa tumebana mikono kwapani. Nimeamka na wivu na nimeshinda nao. Bora niseme hivyo mapema kuliko kusingizia uchovu wa kazi.

Namwonea wivu Zuhura, jirani yangu wa ukuta mmoja. Ni rafiki yangu pia, na hilo ndilo linalonikera.

Zuhura amejifungua mtoto wa kiume na bado yuko kwenye arubaini yake, hatoki nje. Kompyuta yake ni mpya, yangu ni mkweche, lakini printa ni yangu. Zamani alikuwa anachapa kadi za harusi kwake, anazitia kwenye disketi, kisha anakuja kuzitoa kwangu. Sasa kwa kuwa havuki mlango, tulimwita fundi akatoboa ukuta, akapitisha waya kati ya mashine zetu mbili. Nikamfungulia printa yangu na folda yangu ya maua, yale maua ya kupambia kadi ambayo nayachora mwenyewe jioni nikitoka kazini. Yeye akibonyeza kule, karatasi zinatoka huku sebuleni kwangu. Mchana mimi niko ofisini mjini, kwa hiyo mashine naiacha ikiwaka, naifunika kitambaa tu isiingie vumbi.

Ilikuwa raha. Kisha mama akaja.

Mama ametoka Kitui kunitembelea mimi. Mimi, mwanawe. Lakini nikifika jioni namkuta kwa Zuhura, amempakata mtoto, hata hanisikii nikipiga hodi. Mchana yeye ndiye anayepeleka karatasi zikitoka, na akishaenda huko harudi. Anamwogesha mtoto, anamkanda Zuhura mgongo, anapika uji. Mimi sina mtoto wa kumpa ampakate. Hajawahi kuniuliza kwa nini, na siku hizi naona afadhali angeuliza.

Kuna jioni nilimsikia akimwita Zuhura "mwanangu". Nilikosa hamu ya kula.

Wiki hii sasa, printa ikagoma. Yenyewe haikuharibika, ila mchana Zuhura alikuwa haioni. Nikirudi jioni, kabla hata sijavua viatu, namsikia dirishani.

"Dada Mwende, leo tena sioni printa wala maua. Yaniambia haipo kwenye mtandao. Wallahi nimebonyeza mpaka kidole chauma!"

Naketi, najaribu, kila kitu kinafanya kazi. Kesho yake nikienda kazini, haipo tena. Na kuna kamati ya harusi huko Kaloleni inangoja kadi zake. Wamemwambia Zuhura wasipozipata Jumatatu watapeleka kazi kwingine.

Nilifurahi. Acha niliandike hivyo lilivyo.

Nilifurahi kwa sababu wateja huja kwa Zuhura, humsifu Zuhura, na wakiyapenda maua humwambia Zuhura ana mkono mzuri. Nikajiambia kwamba ni yeye anayebonyeza vibaya, tena nikatamani iwe hivyo, mama ajue nani hapa anayezielewa hizi mashine.

Lakini kazi ni kazi, nikatafuta tatizo. Nilichomoa waya na kuurudisha. Niliingia kwenye mipangilio nikaondoa ruhusa ya kushirikisha faili na printa, nikazima, nikawasha, nikairudisha ruhusa. Niliangalia kama majina ya mashine zetu yamegongana, hayajagongana. Nikiwa hapo nikahakikisha pia kwamba folda hii ya shajara sijamfungulia mtu. Kila jioni niliiacha ikiwa nzima, na kila mchana Zuhura haioni.

Leo baada ya kanisa nimeamua kuivizia. Niliketi mbele ya mashine, nikamwambia Zuhura kupitia dirishani atume karatasi ya majaribio. Ikatoka. Akatuma nyingine, nayo ikatoka. Nikamwambia atengeneze kadi za Kaloleni sasa, zitoke zote leo leo, nami nikaenda dukani kununua maziwa. Nilipofika getini nikakumbuka sikubeba pochi, nikarudi.

Nikamkuta mama ameinama nyuma ya meza, mkono uko kwenye soketi ya ukutani. Taa ya mashine ilikuwa imezimika, na kile kitambaa changu cha kufuma alikuwa ameshakilaza juu yake vizuri, kama anafunika mgonjwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naipumzisha."

"Unaipumzisha?"

"Ukienda kazi huwa naizima. Saa ya wewe kurudi ikikaribia naiwasha, ukute iko tayari."

Mkweche wangu ukishazimwa ukutani, ukirudishiwa stima huamka wenyewe. Ndiyo maana kila jioni niliukuta ukinguruma kama nilivyouacha, nami nachomoa na kuchomeka waya usio na kosa lolote.

"Na Zuhura hakukuuliza kama inawaka?"

"Aliuliza. Nikamwambia mimi sijui maneno ya mashine."

Nikavuta kiti nikaanza kumfundisha. Kwamba hata kama hakuna mtu ameketi mbele yake, mashine hii iko kazini. Kwamba printa na maua viko ndani ya hii, si ndani ya ile ya Zuhura, na hii ikizimwa Zuhura haoni chochote. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hiyo najua," akasema. "Si nasikia vile inalia hapa mchana kutwa na wewe hauko? Mashine ni yako. Wino ni yako. Hizo maua nakuona ukichora na macho imekuwa nyekundu. Na watu wakikuja, asante yote inaenda mlango ya huko. Hakuna mtu amewahi kubisha huku."

Nikasema la kitoto. "Lakini wewe si unampenda Zuhura?"

"Yule ni mzazi na mama yake yuko mbali. Mzazi hawezi kuachwa peke yake, hata awe wa nani." Akakinyoosha kile kitambaa kwenye pembe. "Lakini mimi nilizaa wewe."

Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta pochi. Nililia huko, na nikacheka, na maziwa sikununua.

Nilipotoka, niliiwasha mashine mwenyewe, mama akiniangalia bila kunizuia. Kadi zimetoka zote, na maua yametokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Zuhura aliponiuliza tatizo lilikuwa nini, nikamwambia soketi ilikuwa imelegea. Sikutaka amwangalie mama kwa jicho baya. Akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina nikitazama chini.

Mama amezipeleka kadi na bado hajarudi. Namsikia ng'ambo ya ukuta akimbembeleza yule mtoto kwa Kikamba. Bado inaniuma, nisidanganye. Ila leo nimeweza kusikiliza bila kuongeza sauti ya redio.

Kesho nikienda kazini nitamwambia aiache mashine ikiwaka. Nitamwambia kwa sauti ya upole, nikiwa mlangoni na mkoba begani. Na asiponisikia, akaizima tena kwa ajili yangu, nitakuwa na moyo wa kumkataza?