Mkono wa Bibi Ghaniya kwenye Milango Miwili

Ni mwaka mmoja sasa, Bibi Ghaniya, na kikapu chako cha kushonea kofia kipo palepale chini ya dirisha, hapa nyumbani Ibra. Sindano imo, imetiwa uzi. Hakuna aliyekigusa.

Watu walituambia mwaka ukitimia machozi yatakuja. Bado. Tunakwenda makazini, tunarudi, tunafungua friji, tunasahau tulichofuata, tunaifunga.

Tunakumbuka ulivyodai shikamoo hata kwenye simu. Aliyesahau ulimkatia, ukamngoja apige upya. Wajukuu tukikujibu kwa Kiarabu ulisema, "Sisikii," mpaka tukutafutie Kiswahili ulichokuja nacho kutoka Unguja. Tunakumbuka viua vya kofia, vile vijitundu vya kuzungushia uzi, kimoja kimoja, miezi mitatu kwa kofia moja, na vidole vyenye hina ambavyo havikujua kukaa bure.

Na tunakumbuka ile filamu.

Wiam, mjukuu wako, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza chuo. Aliamini filamu ya wanasesere ya dakika nne yaweza kumfungua mtu moyo. Alitengeneza ukumbi wa harusi kwa maboksi ya tende, akaweka mlango wa wanaume na mlango wa wanawake. Hadithi aliiandika Yaqeen, mtoto wa mwanao Hood: mtoto wa kitambaa amealikwa harusini, hajui aingie mlango gani, na kila mlango unamrudisha. Sote tulijua Yaqeen kaitoa wapi. Tulimlea kama binti, na neno hilo lilikuwa likimbana tangu udogoni.

Wewe ulikuwa umekaa na kikapu chako. Ukauliza, "Huyu mtoto wenu nimshonee kofia au nimkatie shungi?"

Yaqeen akasema, "Mwenyewe hajui, Bibi."

"Anaona baridi?"

"Baridi?"

"Umeniambia yuko nje, milango imefungwa. Anaona baridi, haoni?"

"Labda anaona."

"Basi nitamshonea kitu cha baridi. Hayo mengine atasema akishajua."

Ukamshonea kikoti cha kipande cha kanga, na pembeni ukatoboa viua kama vya kofia. Kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja.

Kazi ile ilitaka subira. Wiam humsogeza mwanasesere upana wa ukucha, humpiga picha moja kwa simu. Humsogeza tena, picha nyingine. Ilipofika sehemu ya mtoto kuanguka, aliiacha simu ijipigie picha kila baada ya sekunde tano, akaenda kuleta chai. Aliporudi, mtoto amesimama, kikoti kimenyooshwa, na sakafu ya ukumbi umeipangusa vumbi.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Mtoto kalala kifudifudi, nguo zote juu. Nimemuinua."

"Anatakiwa aanguke!"

"Kaanguka tangu adhuhuri! Hamna huruma nyie?"

Yaqeen alicheka mpaka akakaa chini. Kazi ya siku nzima ilikuwa imeharibika, na Wiam alinuna mpaka magharibi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya kula sote kwenye sinia moja, walituonyesha kilichokuwa tayari. Hood alitazama, akarudisha simu mezani. Akasema, "Harusini kuna milango miwili. Asiyejua mlango wake na abaki kwao." Yaqeen alinawa mikono, akachukua ufunguo wa gari, akarudi Sur anakofanyia kazi. Ijumaa ya pili hakuja. Wala ya tatu.

Ulimwambia mwanao mbele yetu sote, "Hood, mimi mtu mzima sasa. Usinipunguzie mikono kwenye sinia."

Siku nne baadaye ukaondoka, mchana, baada ya kuswali. Yaqeen alikuja siku tatu za matanga, akakaa na waliokaa, akaondoka. Filamu ilibaki bila mwisho, na pale alipokuwa akikaa Yaqeen kwenye sinia hakuna aliyepakalia.

Mwezi uliopita Wiam alizifungua picha zile zilizoharibika, akitaka kuzifuta. Ndani yake akaukuta mkono wako. Picha kumi na tisa. Unaingia kwa pembeni, pete ya feruzi, hina imeanza kufifia. Unamshika mtoto kwapani, unamsimamisha, unamnyooshea kikoti, unatoka. Kwenye filamu haifiki hata sekunde mbili.

Alimpelekea ami yake Hood, ndugu wa baba yake, akabaki amesimama mlangoni.

"Rudisha nyuma," Hood akasema. Wiam akarudisha. "Rudisha tena."

Hatujui alitazama mara ngapi. Asubuhi yake gari halikuwepo. Alikwenda Sur peke yake, na adhuhuri wakarudi wawili. Walichosema njiani hatukuuliza. Tuliona tu kwamba sinia lilipoletwa, Hood alisogea. Yaqeen akakaa, akala, akasema wali umezidi chumvi. Ulikuwa umezidi kweli.

Filamu imekwisha, Bibi. Mtoto hakuingia mlango wowote. Anaanguka, mkono wako unakuja, anasimama. Hapo ndipo mwisho. Wiam bado anaamini watakaoitazama watalainika. Sisi tumeitazama mara nyingi, na kila ikiisha mtu anauliza kama kuna chai.

Tangazo hili la kumbukumbu Ami Hood amelisoma kabla halijatumwa kwa jamaa. Wiam alikuwa ameandika wajukuu wa kiume mstari mmoja na wa kike mstari wa pili, kama ilivyofanywa kwa Babu. Jina la Yaqeen alikuwa hajaliweka popote, amelishikilia, hajui aliweke mstari gani. Hood akaikata mistari yote miwili kwa kalamu.

"Mama alikuwa na sinia moja," akasema. "Waandike pamoja."

Mwenyezi Mungu akurehemu na ailaze roho yako mahali pema.

Unakumbukwa na wanao Hood wa Ibra na Humaid wa Nizwa, mkweo Lamya, na wajukuu zako Wiam, Adham, Yaqeen, Ghadeer na Luay.

Nafasi yako hatuipunguzi, Bibi. Daima.