Ijumaa kwa Ijumaa

Mjukuu wangu Salma, assalaam aleikum. Hapa Langoni tu wazima, na mwanao ameota jino la pili.

Unauliza, ukirudi kuanza kazi Mokowe, upange chumba huko karibu na ofisi uwe ukimwona mtoto Ijumaa kwa Ijumaa, au ulale hapa kwetu uvuke kwa boti kila siku.

Nilipopata kazi ya kupika katika nyumba ya wageni Shela, babako alikuwa mdogo kama mwanao. Ule mwendo wa ufuoni, asubuhi na jioni, ulinichosha. Nikapanga chumba huko huko, mtoto nikamwachia mamangu, nikawa naja Ijumaa.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Ijumaa moja nilibisha hodi. Babako akafungua, akageuka akaita ndani, "Mama! Bi Zena amekuja!" Huyo mama ni mamangu. Mimi nilikuwa Bi Zena, kama majirani walivyoniita. Sote tulicheka.

Wiki ile ile nikarudi kulala Langoni. Nikatembea ndia ile ya ufuoni miaka yote ya kazi iliyobaki, maji yakijaa nikingoja yapwe. Haikusaidia kitu.

Sikuchagulii, mjukuu wangu. Jana babako kaniletea dawa ya goti, akaniinamia kwa heshima: "Shika, Bi Zena."

Wasalaam,
Bibi yako, aliyemzaa babako.