Mabao Yamekauka Tangu Baba Aliponiambia "Nenda"

Voi, 23 Septemba 1974

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unijibu upesi, ikiwezekana kabla ya Jumatatu tarehe 14 Oktoba, kwa sababu siku hiyo natakiwa kuripoti Nairobi katika klabu moja kubwa iliyokubali kunipa kazi na kunilipa kwa ajili ya mpira, jambo nililolitamani tangu nilipomaliza kidato cha nne, na sasa limefika siwezi kutulia, nikiketi nainuka, nikila nasahau nilichokula, nikienda stesheni naitazama treni ya Nairobi mpaka iondoke halafu narudi kazini, na wenzangu wanadhani naumwa.

Mimi ni karani wa stoo katika shamba la mkonge karibu na Voi, na ni winga wa kushoto wa timu ya shamba. Kwetu ni juu milimani, upande wa Mgange. Ni mtu wa utaratibu, kila siku naandika shajara, kwa hiyo nitakueleza mambo kama yalivyofuatana.

Jumapili tarehe 14 Julai tulicheza hapa Voi na timu kutoka Mombasa, nikafunga mabao matatu. Baada ya mchezo mwandishi wa gazeti akaniuliza ni nani aliyenifundisha chenga zile na ni nani wa kushukuriwa, nami nikamjibu kwamba sina wa kumshukuru ila miguu yangu miwili, na wiki hiyo hiyo maneno yale yakatoka kwa herufi nzito pamoja na picha yangu, wenzangu wakayapenda mno hata wakanibandika jina la Miguu Miwili. Nadhani ndiyo yaliyowavuta watu wa Nairobi, maana barua yao ilinifikia mwezi wa Agosti.

Jumamosi tarehe 24 Agosti nikapanda nyumbani kumwomba baba baraka. Njiani nikapita dukani kwa Obadiah, ambaye huwasomea watu gazeti barazani pake. Akanipokea kwa kelele, akasema aliisoma habari yangu kwa sauti na watu wakapiga makofi, na kwamba hata baba alikuwepo, alikuja kununua mafuta ya taa, akaondoka akaisahau chupa juu ya kaunta. "Mpelekee mzee chupa yake," akaniambia. "Ni mwezi sasa. Nimemwita mara mbili, hataki kuifuata." Nikampelekea. Baba akaipokea, akaiweka chini. Nilipomweleza habari za Nairobi akajibu, "Nenda." Nikamwambia, "Baba, naomba uniombee heri." Akasema, "Nimeshakwambia nenda. Njia unaijua."

Nilipokuwa natoka, mama akaninong'oneza kwamba siku hizi baba hapiti tena katika kiwanja changu, huzunguka kwa chini hata akiwa na mzigo. Kiwanja chenyewe ni kipande cha shamba letu. Kwetu mashamba hushuka mlimani kama ngazi, mahali tambarare hakuna, na mpira ukikuponyoka unaufuata hadi mtoni, kwa hiyo nilipokuwa darasa la nne baba aliunganisha ngazi mbili, akavunja ukingo wa mawe, akasawazisha udongo, na mama akakosa mahali pa kabichi zake hadi leo, na hapo ndipo nilipojifunza kuukamata mpira usiende mbali. Nalitaja hili ili uelewe kwamba zamani baba hakuwa adui wa mpira, ndiyo maana simwelewi alivyobadilika.

Tangu siku ile sijafunga hata bao moja. Penalti nimepiga juu. Nikibaki mimi na kipa, mguu unakuwa mzito. Ndambuki, kipa wetu, ananiuliza mbele ya wote, "Wee Miguu Miwili, leo umeacha upi nyumbani?" Wanacheka, nami nacheka, lakini moyoni naungua.

Mshauri, kwetu Taita mzazi akiwa na kinyongo, hata akinyamaza, mtoto hafanikiwi mpaka mzazi huyo atase, yaani atie kinywani maji au maji ya miwa, ayapulize nje pamoja na hasira yake, na kusema maneno ya heri. Baba ni mzee wa kanisa, nikaona aibu kumwomba jambo hilo. Jumamosi tarehe 14 mwezi huu nikampelekea miwa baba mdogo, Mwandawiro, naye akanipiga begani akasema, "Hasira ya kaka yangu ni hasira ya nyumba. Lete hapa, nitaitema yote, na nyingine iwe akiba." Akatasa kwa niaba ya baba, kwa bidii hata akapaliwa. Bado anakohoa, baba akatokea, maana alikuwa ameshaambiwa. Akatutazama, akasema, "Jino likiniuma mimi, ang'olewe Mwandawiro?" Akageuka akaenda zake. Sasa nina hakika kinyongo kimezidi.

Je, niende Nairobi hivyo hivyo? Nitafute mzee mwingine mwenye cheo zaidi atase upya? Au niiache Nairobi nibaki na stoo yangu? Sijawahi kumjibu baba vibaya, kila nikipanda nyumbani napeleka sukari, juzi nilimnunulia blanketi. Kosa langu silijui.

Winga wa Kushoto,
Voi

MSHAURI ANAJIBU

Kijana wangu,

Pole kwa mahangaiko. Nilicheka nilipofika kwa baba mdogo aliyepaliwa, kisha nikaacha kucheka. Mimi si Mtaita, na mambo ya kutasa sitayahukumu. Lakini umeandika kwa mkono wako kwamba anayetasa ni yule mwenye kinyongo. Ulilijua hilo, ukaenda kutafuta mchezaji wa akiba! Na bado unaniuliza kama yuko mwingine mwenye cheo zaidi.

Kosa lako hulijui? Mtu alikuuliza nani alikufundisha na nani wa kushukuriwa. Ukasema huna. Jibu hilo likasomwa kwa sauti barazani, na aliyevunja ukingo wa shamba lake ili upate mahali pa kuchezea alikuwa amesimama pale na chupa yake. Majirani waliopiga makofi ndio waliomwona akisawazisha udongo ule, na sina shaka wako waliomcheka wakati ule, mtu mzima anaharibu shamba kwa sababu ya mpira wa mtoto. Ungekuwa wewe, ungeikumbuka chupa? Kisha ukampelekea wewe mwenyewe, ukaomba baraka papo hapo. Mimi ningekwambia zaidi ya "nenda".

Sikuoni mwovu. Ulikuwa na mabao matatu na mwandishi mbele yako, ukasema neno tamu. Vijana wengi husema hivyo siku wanapong'aa. Kutaka kupanda nako si kosa, na Nairobi usiiache. Ukibaki stooni kwa hofu, baada ya mwaka utamlaumu baba kwa hilo pia.

Lakini Jumamosi kabla ya safari panda nyumbani. Usibebe sukari wala blanketi. Mwandawiro mwache apumzike. Pita kwanza kwa Obadiah watu wakiwa wamejaa, umwombe nafasi, na useme kwa sauti ile ile aliyosomea gazeti kwamba uliulizwa swali ukatoa jibu la uongo, kwamba aliyekufundisha mpira ni baba yako, na uwanja wako wa kwanza ni shamba lake. Utaona haya. Ona haya, usikimbie. Wala usingoje makofi, yale ulishayapata.

Ukifika nyumbani, mwambie baba, "Nimekukosea, nisamehe," unyamaze. Nairobi usiitaje, mabao usiyataje, wala usimwombe ateme kitu. Hasira ni yake. Ataitoa siku yake, kwa maji au kwa sala, na hakuna mkuu wa klabu atakayempangia tarehe.

Halafu shika jembe, umwulize mama kama anataka kabichi zake zirudi. Huyo naye katika barua yako ndefu umempa sentensi mbili tu. Akisema lima, anza kulima kiwanja. Pengine baba atakuja akunyang'anye jembe, akuambie kiache kilivyo. Hapo hutahitaji kuniandikia tena. Na asipokuja, maliza matuta yako, upande treni ukaripoti, na Krismasi urudi kupalilia.