Nyundo Iliyooshwa kwa Soda

Kharumwa, kwa shangazi Coletha

Dada Dorika, mtunzi wetu wa Dar,

Shikamoo, ingawa umeniponza. Mbuzi wa shangazi kazaa mapacha. Riwaya yako imefika Katoro, kinyozi anawasomea wateja kwa sauti. Nikajigamba, "Huyo aliyeshuhudia mauaji kwenye shimo la dhahabu ni mimi hapa, na niliishia darasa la tano tu!"

Kumbe anayenyolewa ndevu ni Ndaki, muuaji mwenyewe. Majina ulibadilisha, dada, lakini ukaiacha nyundo aliyompasulia Makoye kichwa, akaiosha kwa soda, akasingizia jiwe limemwangukia. Nani mwingine huosha damu kwa soda? Akainuka na povu kidevuni, akanyakua wembe. Sikio langu la kushoto limebaki kule sakafuni. Nami nilimng'oa meno mawili kwa stuli, usinidharau!

Nikakimbilia huku, nilikojificha mwaka ule wa mauaji. Maficho haya nayo nilikusimulia, nawe ukayaandika mpaka rangi ya geti.

Asubuhi hii shangazi kaniuliza, "Baba, yule mgeni mwenye mapengo anayesoma kitabu getini, ni rafiki yako?"

Kinyozi hakufika mwisho wa kitabu. Nijibu upesi, dada: mwishoni uliniacha hai?

Mdogo wako wa sikio moja,
Otmar