Pale Mama Anapoita

Msalato, Dodoma
Jumapili mchana, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Ernest,

Mbukwa, salamu yetu ya Kigogo kwanza. Na marahaba kwa zile shikamoo zako zote zilizorundikana kwenye simu yangu bila kujibiwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe na wifi yangu Lydia na watoto, na kwamba kile kifua chako kimepoa. Sisi hapa tunaendelea. Mashamba tumeshalima, mvua ndiyo imetugomea, na vumbi la malori yanayokwenda uwanja wa ndege limetupaka rangi moja sisi na mbuzi wetu. Shemeji yako William anaumwa mgongo kila inapofika zamu yake ya kuchota maji.

Najua umenikasirikia. William ameniambia ulimpigia ukauliza kama dada yako amekuwa bubu au amekununia. Sijanuna, wala si bubu. Nimeamua kukuandikia kama nilivyokuwa nakuandikia ulipokuwa bweni, na barua nitampa konda wa basi la kesho. Nakuomba kitu kimoja: isome mpaka mwisho, usinipigie ukiwa katikati.

Umesema Desemba unakuja tukae wote kwa Silvano, Area D, tuisikilize tena ile albamu yetu. Ndugu yangu, usije kwa ajili hiyo. Na huko uliko usiitafute kwenye simu. Nitakueleza sababu, na najua utaanza kwa kucheka.

Unaikumbuka kanda yenyewe. Yule mzungu fundi wa mitambo alipoondoka bwawani Mtera alimwachia baba yake Silvano kanda isiyo na jalada, ya vijana wa kwao wanaopiga magitaa ya umeme utadhani wanagombana nayo. Wenzetu shuleni walikuwa wanacheza bolingo. Sisi wanne, wewe, mimi, Silvano na Halfani, tukapatwa na wazimu wa roki, tukavaa mashati ya mitumba ya drafti kwenye jua hili la Dodoma na kujiona watu. Majina ya nyimbo hatukuyajua, tukaziita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na kwa kuwa kanda ilikuwa ya mzee, tukainakili sebuleni kwa mama kwa kuzikabilisha redio mbili, moja ikiimba na nyingine ikirekodi, sisi tumebana pumzi. Kwenye wimbo wa tatu, pale magitaa yanaponyamaza na kubaki besi inayotembea peke yake, mama akakuita kutoka uani. Ulimsikia. Uliweka kidole mdomoni ukatutazama, hukuitika, usije ukaharibu kanda. Alipoingia akakusuta mpaka machozi yakakulenga, akasema iko siku atakuita mpaka uitike.

Kuanzia hapo mama akawa sehemu ya wimbo. Kila aliyenakili kwetu alimnakili na yeye, na bwenini walifika pale kwenye besi wakaita wote kwa pamoja jina lako bila kukujua. Kuna mwalimu mwenzangu wa Kongwa ambaye mpaka mwaka huu aliamini Ernest ndiye mpiga dramu. Mama mwenyewe alizoea, akawa anajisifu kwamba ameimba na Wazungu, mpaka tukamzika.

Sasa mwezi wa nane Silvano aliimba ule wimbo wa tatu kwa mluzi mbele ya simu yake, na simu ikautambua. Albamu yote ikapatikana, safi, bila mikwaruzo yetu. Akaniita mimi na Halfani Jumamosi alasiri, akapika pilau, akatoa lile spika lake la harusi. Nakwambia ukweli, nilisikia raha ambayo sijaisikia miaka mingi. Halfani na kile kitambi chake cha mfanyabiashara wa alizeti alikuwa anatikisa kichwa hadi kofia ikaangukia kwenye bakuli la kachumbari. Wimbo wa tatu ulipofika kwenye besi tukajiandaa kukuita kwa mzaha, kama zamani.

Mama akatutangulia. Sauti yake ileile, ya mtu aliyesimama uani na mikono ina unga. Ila hakukuita wewe. Alimwita Halfani.

Tulicheka, Ernest. Tulidhani Silvano ameunganisha mambo kwenye kompyuta, na Silvano alidhani ni mimi. Halfani ambaye alikula ugali wa mama miaka yote ya shule, na mama alikuwa akimwita mwanangu wa Kondoa, akaitika kwa adabu yake yote kwamba naam, mama, nakuja. Magitaa yakaingia, wimbo ukaisha, tukaendelea na pilau.

Unakumbuka nani alitufundisha kwamba ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike? Ni mama huyohuyo. Alikuwa akituambia ngoja, toka nje utazame kwanza, kwa sababu anayekuita bila sura hakuiti kwa heri. Tuliona ni maneno ya kuwatisha watoto.

Nasra, mkewe Halfani, alitusimulia msibani kwamba tangu Jumamosi ile mumewe alikuwa anaitika. Katikati ya chakula, katikati ya kupima mafuta ya mteja, anageuka na kusema naam, mama. Akimuuliza nani anamwita, anashangaa kuulizwa. Siku moja mchana alijilaza dukani, akasema anakuja, na hakuamka. Hospitali walisema presha. Tulimzika Kondoa, na sikukupigia simu ya msiba mwenyewe, nilimwachia William, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa.

Silvano ni mbishi, unamjua. Aliitafuta kanda ya zamani, ile nakala yetu, akaazima redio ya kuipigia. Mikwaruzo yote ipo. Jogoo wa jirani yupo, na kikohozi changu kipo. Pale kwenye besi hakuna anayekuita. Tulirudisha tukasikiliza tena na tena mpaka Silvano akakaa chini. Mama ametoka kwenye kanda.

Tuliporudi kutoka kwenye arobaini ya Halfani, Silvano akasema tumalize ubishi, tuusikilize ule wa kwenye simu mara ya mwisho, na yeyote akiitwa afunge mdomo wake. Nilimkatalia, lakini nilikaa. Moyo wa kumsikia mama ni moyo mbaya. Ulikuwa mchana kweupe, mlango uko wazi, watoto wa jirani wanacheza nje.

Alikuita wewe.

Tukanyamaza. Akaita tena. Besi ikaendelea kutembea, na magitaa hayakuingia pale yanapoingia. Silvano akabonyeza simu, akachomoa waya wa spika ukutani, na besi ikaendelea kutembea, naye mama anaita, sasa kwa ile sauti yake ya kukata tamaa, ya mtu ambaye jioni inamkuta na mtoto hajarudi. Nilimwogopa na kumhurumia. Nilifikiri, asipojibiwa hapa ataondoka kwenda kukutafuta mwenyewe.

Silvano atakwambia kwamba wimbo uliisha wenyewe. Ni mwongo, kwa sababu nilimwomba awe mwongo. Ukweli ni kwamba niliitika mimi. Nilisema abee, mama, Ernest hayupo, nipo mimi. Uko wapi sikumtajia, akili hiyo nilikuwa nayo. Magitaa yakaingia papo hapo, katika spika lisilo na umeme, na wimbo ukaisha.

Usilie, na usinilaumu. Wewe una watoto wadogo, wangu wanajitegemea. Na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, nisingeweza kukuacha ukachukuliwa kwa kukosa mtu wa kuitika.

Wiki ile ile nilimwita William aje ale, akatoka chumbani akiwa na rangi ya majivu, akasema amemsikia mama mkwe wake kinywani mwangu. Darasani niliita mahudhurio, na mtoto mmoja akalia, ambaye hajawahi hata kumwona mama. Sasa wanafunzi wananyoosha mikono, ninahesabu kimoyomoyo. Simwiti mtu yeyote kwa jina. Ndiyo maana sipokei simu yako, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Jina lako naliandika tu. William anasema na mimi nimeanza kuitika nikiwa napepeta mchele. Mimi sijisikii nikiitika.

Kwa hiyo namba yangu ikikupigia, usipokee. Ukisikia jina lako popote, toka nje kwanza utazame. Desemba kaa hukohuko na watoto wako. Yakifika ya kufika, William atakuletea habari kwa mkono wake, na hapo njoo, lakini mkishanizika msiwashe muziki.

Nisalimie sana wifi Lydia, mwambie kitenge alichonitumia nimekishona. William anakusalimu, mgongo wake unakusalimu pia. Silvano anakusalimu na kuomba radhi. Mama naye anakusalimu, anauliza utafika lini.

Usimjibu.

Dada yako akupendaye,
Zipora