Asilimia Mia ya Wasichana

Kwa mdogo wangu, Mwalimu Mkuu,

Salamu. U mzima, najua, maana jana nilikusikia ukicheka na wageni ofisini huku mimi nimekalishwa kwenye benchi la nje. Wifi na watoto natumaini hawajambo. Sisi huku si wazima, na sababu ni wewe.

Matokeo ya dodoso lako la wanafunzi nimeyasoma kwenye ubao wa matangazo. Umeyapanga kweli kweli: kila fani na mstari wake, wavulana huku, wasichana huku. Kwenye uchomeleaji umeandika kwamba asilimia mia ya wasichana wanasema mwalimu huwatukana wakiwa kazini. Asilimia mia! Mtu angedhani ni jeshi. Shule nzima inajua msichana wa uchomeleaji ni mmoja, na huyo mmoja anakuita mjomba.

Nilipokuuliza, ulinijibu kwamba jina halikuandikwa popote. Mtu ukimvua nguo zote ukamwachia kofia, umemsitiri? Ungemchanganya na wasichana wa useremala na wa umeme, ukatoa hesabu moja, nani angemtambua? Lakini ulitaka wakaguzi waone jedwali refu.

Siku ile ile karatasi ilipobandikwa, mwalimu wake alimnyang'anya mwanangu kinyago cha kuchomelea, akampa ufagio, akasema mbele ya darasa kwamba mwenye domo akafagie. Wavulana sasa wanamwita Asilimia Mia. Mtihani wa vitendo umekaribia na mtoto hajashika chuma tena. Asubuhi anavaa sare, anafika mlangoni, anarudi kujifungia chumbani. Kaniambia hataki tena ufundi wala shule. Na mwalimu huyo bado mnakunywa naye chai! Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani msemo huo ni wa watu wengine.

Kuna jambo hulijui. Swali lile la matusi mwanangu alitaka kuliacha wazi. Alikuja na dodoso nyumbani, akaniambia kwamba akijibu atajulikana tu. Mimi nikamgombeza. Nikamwambia hilo ni dodoso la mjomba wake, na mjomba ametuapia hapa hapa mezani petu kwamba hakuna atakayejulikana. Nikasimama nyuma yake mpaka akajibu. Mtoto aliona, mimi mtu mzima nikawa kipofu kwa kukuamini wewe. Siku hizi ananitazama kama ninavyokutazama wewe, na hilo linaniuma kuliko yote.

Dodoso la wazazi nimelipata. Juu umeandika tena kwamba majina hayatatajwa, na chini unauliza kama mzazi ana undugu na mtumishi yeyote wa shule. Nimejaza: dada wa mwalimu mkuu. Maswali yote nimeyajibu, na nakala nimewapelekea wakaguzi ili usihangaike. Wewe bandika yako kwenye ubao ule ule, na usisahau mstari wangu: asilimia mia ya dada za mwalimu mkuu hawana imani naye.

Nisalimie wifi, yeye hana kosa. Kwangu usikanyage mpaka mwanangu arudishiwe kinyago chake.

Ni mimi,
dada yako wa pekee.