Kopo la Ugoro

Abbasi, naapa safari hii sijaongeza hata nukta.

Si daktari alisema figo zangu zimechoka, jioni nisiguse chumvi? Mke wangu, Mama Jenifer, akaificha. Nikamwapia, "Ukinikamata nayo, chinja jogoo wangu."

Mimi tena! Nikanunua chumvi nyingine, nikaijaza kwenye kopo langu la ugoro. Kila jioni nanyunyizia ndizi zangu, mgonjwa mtiifu kabisa.

Leo umeme umekatika, kaka wa mke wangu, Anyitike, kaja, kaomba ugoro. Mke wangu, mkarimu huyo, kampa kopo!

Kavuta. Kavuta, Abbasi! Chafya mpaka kofia ikatua kwenye mchuzi.

"Shemeji, huu ugoro wa wapi?"

Mama Jenifer kaonja. "Baba Jenifer, ndiyo maana miguu haiishi kuvimba!"

Nikasema ni dawa ya mafua kutoka Ikuti. Hakuna aliyecheka.

Jogoo wangu yuko mezani sasa hivi. Hana chumvi hata chembe.